Wanasoma bila kukwama lakini hawaelewi, wakiandika insha wanasimulia hadithi: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili darasa la sita mkoani Morogoro, nina wanafunzi 68 na vitabu 23. Wakisoma kwa sauti hawakwami, lakini nikiwauliza maswali juu ya habari waliyoisoma, hasa habari za kilimo, afya au mazingira, wananakili sentensi yoyote iliyo karibu. Nikiwapa insha ya maelezo, mfano “Ufugaji wa kuku”, naletewa hadithi: “Siku moja nilipokuwa nyumbani...” Hadithi wanazielewa na kuziandika vizuri kabisa. Nianzie wapi, kwenye ufahamu au kwenye insha?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Usianze na kimoja ukakiacha kingine. Watoto wako wana tatizo moja linalojitokeza mara mbili: hawajui habari ya maelezo imejengwaje. Hadithi wanajua imejengwaje kwa sababu wamezisikia tangu wako mgongoni. Wanajua kutakuwa na mtu, atapatwa na jambo, litatatuliwa. Lakini habari inayoeleza jinsi ugonjwa unavyoenea au jinsi udongo unavyochoka, nani aliwahi kuwasimulia jioni? Kwa hiyo wakiisoma hawaoni inakwenda wapi, na wakitakiwa kuiandika wanarudi kwenye umbo pekee wanalolijua.

Kabla hujafanya lolote, wajaribu kwa sentensi hii. Iandike ubaoni: “Wajungwe walitwiza kidembo kwa mshuro jana asubuhi.” Kisha uliza: Wajungwe walitwiza nini? Walikitwiza kwa kutumia kitu gani? Lini? Utaona mikono inapanda darasa zima, na majibu yote yatakuwa sahihi. Kidembo. Mshuro. Jana asubuhi. Kisha waulize kidembo ni nini. Hakuna anayejua, wala mimi sijui, maneno hayo nimeyatunga. Nimefanya zoezi hili na walimu pia, na ukimya unaofuata hunipa nafasi ya kusema ninalotaka kusema: maswali mengi ya ufahamu tunayotunga hujibika hivihivi. Mtoto anatafuta neno la swali ndani ya habari, anakuta neno la jirani, analinakili, tunampa tiki. Tumemfundisha kunakili, naye amejifunza.

Sasa nikueleze kitu kimoja ambacho ningependa ukishike hata ukiyasahau mengine. Katika habari ya maelezo, kila aya ni jibu la swali ambalo mwandishi hakuliandika. Kazi ya msomaji ni kulitambua swali hilo. Kazi ya mwandishi ni kuwa nalo kichwani kabla hajaandika aya. Ni swali lilelile, mmoja analitazama kutoka mbele na mwingine kutoka nyuma, ndiyo maana nasema ufahamu na insha vifundishwe pamoja.

Tuchukue mfano. Hii ni habari fupi niliyoiandika kwa ajili ya kipindi kimoja:

“Karafuu tunayotia kwenye pilau si tunda wala mbegu. Ni tumba la ua ambalo halijachanua. Wakulima hulichuma mapema kwa sababu likishachanua thamani yake hupungua.

Baada ya kuchumwa, karafuu hutenganishwa na makonyo (vijiti vilivyoyashika matumba), kisha huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa mpaka zigeuke rangi ya hudhurungi. Zikirundikwa zikiwa mbichi, huchacha na kuharibika.

Ijapokuwa Unguja ilikuwa na mashamba makubwa ya mikarafuu, leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ilhali ya Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa.”

Iandike ubaoni au kwenye karatasi ya manila kabla ya kipindi, upande wa kushoto ukiacha nafasi pana. Usiwasomeshe mmoja mmoja kwa sauti. Katika darasa la watu 68, anayesoma ni mmoja, wengine 67 wanasubiri zamu au wanamsikiliza atakosea wapi, na yule anayesoma mwenyewe akili yake yote iko kwenye kutamka. Wasome kimya, kisha wewe usome mara moja kwa sauti, taratibu. Halafu uliza: aya ya kwanza inajibu swali gani?

Mara ya kwanza utapata majibu ya namna mbili. Kuna watakaosema “Inahusu karafuu.” Hilo si swali, na aya zote tatu zinahusu karafuu. Wengine watauliza swali dogo mno. Kwenye aya ya tatu nimewahi kupata, tena kwa wingi, “Mwaka 1872 kulitokea nini?” Usiseme wamekosea ukapita. Hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Mwambie mtoto: tuchukue swali lako, tuone kama kila sentensi ya aya inalijibu. Sentensi ya pili inalijibu, kulitokea kimbunga. Je, ile ya kwanza? Haihusiki na kimbunga. Basi swali lako linabeba nusu ya aya tu, tutafute litakalobeba yote. Kwa kawaida huchukua dakika kumi mpaka mmoja aseme, “Kwa nini karafuu nyingi zinatoka Pemba?” Liandike pembeni mwa aya, kwenye ile nafasi uliyoiacha. Dakika kumi hizo si hasara. Kipindi chako kizima cha dakika 40 kikiishia kwenye maswali matatu tu yaliyoandikwa pembeni, umefanya kazi kubwa.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Annemarie Palincsar na Ann Brown, walichapisha kazi waliyoifanya na wanafunzi wa aina ya wako hasa: wanaosoma maneno bila shida lakini hawashiki maana. Waliwafundisha kupokezana nafasi ya mwalimu katika vikundi vidogo, kila mmoja kwa zamu akiuliza swali juu ya kipande kilichosomwa, akikifupisha, akifafanua palipo pagumu na kubashiri kitakachofuata. Uelewa wao ulipanda sana. Mimi katika madarasa yetu yenye msongamano nimeona kuuliza ndiko kunakozaa haraka zaidi, maana mtoto hawezi kutunga swali la aya bila kwanza kuielewa. Wakishazoea kwa wiki mbili, wape kazi hiyo wawili wawili kwenye dawati, nawe zunguka usikilize.

Turudi kwenye habari yetu, kwa sababu kuna mambo mawili madogo yanayowaangusha watoto wengi na mara nyingi hatuyaoni.

La kwanza ni viunganishi. Waulize: leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka wapi? Baadhi watajibu Unguja. Ukifuatilia utakuta wamesoma vizuri mpaka kwenye mkato, wakaishia hapo. “Ijapokuwa” kwao ni neno la kupamba, hawajui kwamba linawatahadharisha: hiki ninachokisema sasa kitageuzwa baada ya mkato. Maneno kama ijapokuwa, ilhali, licha ya, kwa hiyo, isipokuwa na kutokana na ndiyo yanayobeba fikra katika habari za maelezo, na katika hadithi zetu za mdomo hayatumiki sana. Huko kunatawala halafu, basi, mara. Yafundishe moja kwa wiki. Andika “Mvua ilinyesha sana, ilhali...” na “Mvua ilinyesha sana, kwa hiyo...” kisha wamalizie. Mtoto anayemalizia zote mbili kwa maneno yaleyale amekuonyesha mwenyewe asichokijua.

La pili ni viambishi. “Zikirundikwa zikiwa mbichi, huchacha.” Ni nini zikirundikwa? Baadhi watasema makonyo, kwa sababu yametajwa pia, au majamvi. Lakini makonyo yangekuwa “yakirundikwa”, na majamvi vilevile. Kati ya vitu hivyo vitatu, ni karafuu tu zinazochukua zi-. Kiswahili kimempa msomaji wetu zawadi kubwa: ngeli humwonyesha mara nyingi kinachozungumziwa ni kipi, na sisi tunazifundisha kwenye sarufi kana kwamba kazi yake ni kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Chora mshale kutoka “zi-” kurudi kwenye “karafuu”. Fanya hivyo katika kila habari, na baada ya mwezi watachora wenyewe bila kuambiwa.

Kuna jambo la tatu ambalo si la lugha. Mtoto wa Pemba ataielewa habari ile upesi kuliko mtoto wako wa Morogoro, hata kama anasoma polepole zaidi, kwa sababu ameshaona majamvi ya karafuu barabarani na amesikia harufu yake. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 huko Marekani habari juu ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu waliojua besiboli walikumbuka na kueleza zaidi kuliko wasomaji wazuri wasioujua mchezo huo. Maana yake kwako ni hii: anza na habari za vitu wanavyovijua, mpunga, miwa, mbu, kuku, bodaboda, ili ugumu uwe kwenye kulitafuta swali la aya tu. Ukishafika kwenye wasivyovijua, tumia dakika tano za mwanzo kuwapa ujuzi kidogo. Leta karafuu tatu kutoka jikoni kwako, wapitishane, wazinuse, wakitazame kile kichwa cha duara kilichoshikwa na meno manne. Hapo neno “tumba” wataliona kwa macho. Na kaa siku nyingi kwenye mada moja. Habari tatu juu ya maji kwa wiki mbili zinajenga zaidi kuliko habari sita juu ya mambo sita, maana ile ya kwanza inaiandalia njia ya pili.

Sasa insha. Chukua madaftari ya “Ufugaji wa kuku” ukague kitu kimoja tu: -ka-. “Mama akanunua vifaranga, akawaweka ndani, akawawashia taa, tukalala.” Hiyo -ka- ndiyo injini ya hadithi. Inasukuma tukio moja baada ya jingine, na mtoto akishaipanda hawezi kushuka. Maelezo yana hu-: “Vifaranga huhitaji joto.” Hu- haina jana wala leo, haina mama wala mimi, inasema jambo lilivyo siku zote. Waonyeshe tofauti hiyo ubaoni, sentensi mbili zikikabiliana, na uwaulize kila moja inajibu swali gani. Ya kwanza inajibu “Ilikuwaje?” na ya pili “Ikoje?” Nimewahi kuona darasa zima linageuka kwa kipindi kimoja cha namna hii, baada ya muhula mzima wa kuandikiwa kwa wino mwekundu “Hii ni hadithi, andika maelezo.” Watoto walikuwa hawajui maelezo yanatofautianaje na hadithi. Hakuna aliyekuwa amewaonyesha.

Usiwaache na kichwa cha habari kitupu. Sema: kuna mtoto wa darasa la tatu hajawahi kufuga kuku, kesho analetewa vifaranga kumi, atakuuliza nini? Watamwaga maswali: Wanakula nini? Banda linajengwaje? Mbona wanakufa? Taa ya nini? Mayai wataanza lini? Yaandike yote. Kisha yapangeni pamoja: yapi yanakaa aya moja, lipi litangulie. Taa na banda ni swali moja, ni kuhusu makazi. Hapo mtoto anaandika aya, kila aya kwa swali lake, na swali analiandika pembeni kama alivyofanya kwenye karafuu. Yule aliyeandika “akawawashia taa, tukalala” ataandika sasa: “Vifaranga huhitaji joto katika wiki za mwanzo kwa sababu manyoya yao bado hayajaota vya kutosha. Wafugaji wengi huwawekea taa au jiko la mkaa, lakini jiko huhitaji hewa ya kupita, la sivyo moshi wake huweza kuwaua.” Ni mtoto yuleyule. Alikuwa anayajua hayo yote tangu mwanzo, kwao wanafuga.

Akimaliza, wabadilishane madaftari huku maswali ya pembeni yamefunikwa kwa kipande cha karatasi. Jirani asome aya na kusema inajibu swali gani. Likilingana na lililofunikwa, aya imekaa. Lisipolingana, wawili hao wazungumze kwanza, kabla ya kukuita. Kwa wanafunzi 68 huu ndio usahihishaji pekee utakaoweza kuufanya kila wiki bila kulala saa nane. Wewe mwenyewe usahihishe kitu kimoja kwa kila insha: wiki hii ni hu- na -ka-, wiki ijayo viunganishi, inayofuata upatanisho wa ngeli. Daftari lililojaa wino mwekundu mtoto hulifunga haraka, hasomi ulichoandika.

Mniwie radhi walimu wenzangu, lakini nina neno kuhusu utangulizi na methali. Tunawafundisha utangulizi, kiini na hitimisho, na mtoto anatumia nusu ya muda akiutafuta utangulizi wa jambo ambalo bado hajalifikiria. Aanze na aya za katikati, utangulizi auandike mwisho, sentensi mbili zinatosha. Na methali katika insha ya kuku za nini? “Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu” haimsaidii mwenye vifaranga kumi. Methali ni mali yetu na zina insha zake, wala sisemi ziachwe. Ila mtoto akidhani kwamba kuandika vizuri ni kupachika misemo, ataipachika pale ambapo hana la kusema.

Ufupisho, ambao najua unakutesa ingawa hukuutaja, utakuwa mwepesi. Mtoto aliyezoea kuandika maswali ya aya hujibu kila swali kwa sentensi moja, anaziunganisha, basi. Karafuu ni tumba la ua linalochumwa kabla ya kuchanua. Huanikwa kwa siku kadhaa. Nyingi hutoka Pemba kwa kuwa kimbunga cha 1872 kiliharibu mikarafuu ya Unguja. Steve Graham na Michael Hebert walipokusanya matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2010, walionyesha kwamba wanafunzi wanaoandika juu ya walichosoma, ikiwamo kukifupisha, hukielewa zaidi. Kwa hiyo ufupisho usiungoje muhula wa mtihani, uwe desturi ya kila habari.

Kuhusu vitabu 23: habari za maelezo ziko kila mahali. Karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi la dawa, pakiti ya mbegu za mahindi, pakiti ya chumvi na sukari (ORS) ya kumnyweshea mtoto anayeharisha, gazeti la juzi, bango la zahanati. Waambie walete. Pakiti ya mbegu ina mafunzo matatu ndani yake: imeandikwa kwa nani, inajibu maswali gani, lipi imeliacha.

Jambo moja la kuhakikisha wiki hii. Umesema wote hawakwami. Kaa na kila mtoto dakika moja pembeni, asome habari ambayo hajawahi kuiona. Katika darasa kubwa wapo wanaofuata sauti za wenzao kwa kukariri, na usingewatambua kwa kusoma kwa pamoja. Hao wanahitaji msaada wa kusoma maneno kwanza, hata dakika kumi kabla ya kengele ya asubuhi, na maswali ya aya watayafanya kwa kukusikiliza ukisoma.

Nakuhimiza usichelewe kwa sababu ya Kiingereza pia. Wanafunzi wako wakiingia kidato cha kwanza katika shule zetu za serikali watakuta Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza. Maneno yatakuwa mageni, lakini aya itakuwa na swali vilevile. Anayejua kulitafuta kwa Kiswahili ataingia na kitu cha kushika. Asiyejua ataanza kupigana na lugha na umbo kwa pamoja, na nimeona wengi, watoto wenye akili nzuri, wakikaa kimya miaka minne.

Anza na mpunga au kuku Jumatatu, karafuu wiki ya tatu. Ukishaifanya ile ya karafuu, niandikie maswali ambayo watoto wako wameyaweka pembeni mwa aya ya tatu, yaliyo sahihi na yasiyo sahihi. Hasa yasiyo sahihi, maana kutokana na hayo nitaweza kukwambia wamekwama wapi.